Bulo Moja ya Tondezi

Amundala mwanangu,

Mbele ya kusoma, hesabu karatasi. Ziko nne, na nimeandika namba kwenye kona ya kila moja. Kama moja haiko, basi kuna mutu amefungua barua hii kabla yako, na nitamujua. Usicheke. Unanijua mimi nilivyo.

Ninaandika jua lingali juu. Wewe umeenda kuaga wenzako wa kwaya, na baba yako amemupeleka yule motari wako, mwenye pikipiki atakayekubeba kesho, mutoni akaoge. Pikipiki yake iko hapa mbele yangu, chini ya paa la jiko, imejaa matope ya Kabambare mpaka kwenye kiti. Nimeikagua yote. Mutu huyu anacheka sana, Amundala. Mutu anayecheka hivyo nyumbani kwa watu asiowajua, mimi ninamuuliza moyoni: wewe unaficha nini? Breki ya nyuma ilikuwa imelegea, nimeikaza. Munyororo uko sawa. Mipira iko sawa. Yeye mwenyewe bado simuamini.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutokaa karibu na mashimo ya dhahabu wakati wa mvua, baba yako ameyasema tangu juzi, na kesho atayasema tena mpaka pikipiki iwake. Mimi sitayagusa. Unaenda Salamabila kutengeneza motopompe za kuvuta maji na pikipiki za watu, na kuna jambo la kazi hii nililokuficha. Tena si kuficha tu. Nilikudanganya, miaka yote uliyokuwa unakua, nikikuangalia machoni.

Jumapili tulikuwa tunakula, ukasema: "Nikimukuta mujomba Kitenge kule Salamabila, nitamukamata shati mbele ya watu. Atalipa haya aliyomufanyia mama." Baba yako akasema, "Eeh, mwanaume amezaliwa!" Mimi niliinuka nikaenda kufunua chungu ambacho hakikuwa na kitu. Nilisimama pale nikishika kifuniko.

Basi sikia sasa.

Tondezi ya pisti ya ndege umeikuta imeshazeeka, mashine ile ya kukata majani ambayo mutu anaikalia na kuiendesha kama gari. Hukuona jinsi ilivyokuja. Kabla yake tulikuwa wamama kumi na wawili wenye kupekupe, mapanga ya kufyekea. Tulianza kufyeka mwanzo wa pisti tukiwa tumeinama, na tukifika mwisho, kule tulikoanzia majani yameshaota tena. Majani yakiwa marefu ndege haitui, na ndege isipotua dawa za hospitali haziji. Ndipo siku moja ndege yenyewe ikaleta tondezi katika masanduku, vipande vipande. Wanaume wa Kasongo wote wakawa mafundi siku ile. Kila mumoja alishika kipande chake akakigeuza geuza, akakirudisha chini.

Aliyeiunganisha ni Kitenge, mudogo wangu, tumbo moja, aliyeniita yaya, dada yake mukubwa. Alikuwa ametoka kwenye machimbo, alikojifunzia injini za kuvuta maji. Aliifunga siku mbili, ikawaka. Kisha shefu, mukubwa wa pisti, akauliza nani ataiendesha, na Kitenge akanionyesha mimi kwa kidole. Watu walicheka! Yeye hakucheka. Alisema: "Yaya yangu iko na shaka na kila kitu. Ukimupa chumvi anaionja kwanza. Mashine inataka mutu wa namna hiyo." Ndivyo nilivyoacha kupekupe. Shaka yangu hii, unayoniona nayo mpaka leo, mutu wa kwanza kuisifu alikuwa ni yeye.

Alinifundisha vyote ninavyovijua, na mimi nimekufundisha wewe. Piesi za tondezi, vipuri vyake, haziko Kasongo, hazikuwako siku yoyote. Mukanda wa kuzungusha visu ulipokatika, ni yeye aliyepima kwa kamba, akaenda kwenye mashine ya kukoboa mupunga, akarudi na mukanda uliokubali. Rulma za visu, zile pete zenye gololi, zilipokufa alilinganisha namba, akakuta rulma ya gurudumu la pikipiki ni ile ile. Visu vilipoisha, muhunzi alivichonga kutoka kwa resori, springi ya lori, na Kitenge akaviweka kwenye musumari kimoja kimoja, akaangalia upande gani unashuka, akasugua, akaweka tena. Niliuliza kwa nini anajisumbua hivyo. Akasema kisu kizito upande mumoja kitatikisa mashine mpaka bulo zote, parafujo zinazoshika vyuma, zifunguke zenyewe. Mimi sikuamini. Nilifunga kimoja bila kukipima, siku ambayo hakuwako. Nusu ya bulo za tondezi tuliziokota ndani ya majani, nikiwa nimepiga magoti na kichwa kinaniuma kwa aibu.

Sokoni ni mimi niliyekuwa nikienda, sababu yeye alikuwa mutu wa kuamini watu. Muuzaji anakuonyesha bujii ya kutia cheche katika injini, ndani ya kisanduku kipya, Kitenge anasema aksanti. Mimi ninaitoa, ninainusa. Bujii mpya hainuki esansi, maana petroli haijaigusa. Ile ya zamani, hata wakiisugua ing'ae, pua inaijua. Kuna muuzaji mumoja nilimunusia bujii zake zote, mbele ya wateja wake, nikiziweka mafungu mawili. Mpaka leo akiniona anafunga meza yake. Fanya hivyo na wewe kule Salamabila. Nusa, pima kwa ukucha, omba kuona kisanduku na piesi iliyotoka ndani yake. Sikuambii uache shaka. Ningekuambia hivyo mimi, nani angeamini?

Ubaya ulianzia pale esansi ilipoanza kupungua ndani ya tanki. Asubuhi tunakuta imeshuka, kisha tukakuta kifuniko cha tanki hakiko, kisha waya umekatwa. Zamu, mulinzi wa pisti usiku, alisema hajui kitu. Nilimushuku zamu, nikamushuku ndugu ya zamu, nikamushuku katekista aliyekuwa akipitia pale asubuhi kwenda kupiga kengele. Niliogopa siku moja wataondoka na mashine yenyewe, nikatafuta dawa yangu mwenyewe.

Unajua chini ya kaburateri kuna kikombe kidogo, na kikombe kile kinashikwa na bulo moja tu. Kwa tondezi yetu bulo hiyo ina tundu jembamba, sindano tu ndiyo inapita, na esansi yote inayoingia katika injini inapita mule. Ukiitoa, mashine ni chuma cha kukalia. Na bulo nyingine yoyote utakayoweka pale haitafanya kazi, hata kama inaingia. Basi kila jioni nilifunga bomba la tanki, nikamwaga esansi ya kikombe ndani ya chupa, nikaitoa ile bulo, nikaifunga katika kitambaa, kipande cha kikwembe changu, nikaenda nayo nyumbani. Na nyumbani sikuiweka mahali pamoja. Leo chini ya godoro, kesho ndani ya kapu la mupunga, kesho kutwa nyuma ya picha ya Mama Maria. Baba yako hakujua. Kitenge alijua kwamba ninaitoa, sababu ni yeye aliyenionyesha namna ya kuitoa bila kuharibu mipira yake ya kuzuia esansi isivuje. Mahali ninapoiweka hakujua, wala hakuniuliza hata mara moja.

Siku moja nilirudi kutoka pisti na homa. Meno yalikuwa yanagongana. Sikumbuki nilivyofika. Nililala siku nne, baba yako akinipa maji kwa kijiko. Siku ya tano nikasimama, na hapo hapo wakaja kusema ndege itatua baada ya siku tatu tu, na majani ya pisti yamefika magotini. Niliingia ndani kuchukua bulo. Kapu la mupunga, hakuna. Chini ya godoro, hakuna. Nyuma ya picha, hakuna. Nilirudia mara moja tu, Amundala. Mara moja! Kisha nikakaa kitandani, na jina lilikuwa limeshafika kichwani. Nani anajua bulo hii ni ya kazi gani? Nani aliingia humu kuniangalia nikiwa sijitambui? Kitenge. Aliniletea ndizi.

Hapa ndipo penye kunichoma zaidi. Sikumwambia kitu. Nilimwambia tu kwamba imepotea, nikakaa nikimuangalia. Naye akaanza kuhangaika. Alichukua bulo ya motopompe, akaitoboa, tundu likawa kubwa, tondezi ikatoa moshi mweusi na kunywa esansi kama ng'ombe. Akaziba tundu kwa bati la kuyeyusha, akalitoboa upya kwa waya wa gitaa. Injini ikawaka, ikazimika. Alifanya hivyo siku nzima bila kula, vidole vimeungua. Na mimi nimekaa pembeni juu ya bido la esansi nikifikiri: huyu anajitesa hivi kwa sababu anajua bulo yetu iko wapi. Kila alilofanya kwa wema, mimi niliandika upande wa wizi. Jioni akasema: "Yaya, kule Salamabila kuna mutu iko na injini ya namna hii, imekufa. Nikipata pikipiki ya kunibeba, naweza leta bulo yake." Nikasema moyoni, sasa umefika. Unataka kuniuzia bulo yangu mwenyewe.

Nilienda kwa shefu wa pisti asubuhi. Nilimutaja kwa jina.

Walikuja watu watatu kupekua kwa Kitenge, na mimi wa nne. Wakwe zake walikuwa wamefika tangu jana yake kutoka Lusangi, kumuona mutoto aliyezaliwa. Baba mukwe alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mugongo, mama mukwe amebeba mutoto. Mbele yao tulifungua sanduku la nguo. Tulimwaga mufuko wake wa kazi juu ya mukeka, bulo zote, rondeli zote, misumari yote, na mimi nikachuchumaa, nikaokota moja moja na kuiinua juu nione kama ina tundu. Nilichukua muda murefu. Mutoto tu ndiye aliyekuwa analia.

Haikuwako. Nikasimama, nikakung'uta kikwembe changu. Kitenge hakupandisha sauti. Alisema: "Yaya, umetafuta kwangu. Kwako ulitafuta?"

Niliona ni jeuri. Haki ya Mungu, nilimwambia hivyo mbele ya wakwe zake: "Mwizi, tena jeuri!"

Ndege ilitua, usifikiri haikutua. Wale wamama walirudi na kupekupe zao na tukafyeka siku mbili. Wakwe waliondoka bila kula. Wiki haikuisha, Kitenge akapanda pikipiki ya Salamabila, na baadaye muke wake akamufuata na mutoto. Hakuniaga. Nikasema: ona, mwizi amekimbia.

Mvua za kupanda zilikuja. Nikashusha kibuyu cha mbegu ya karanga kutoka juu ya moto, nikaingiza mukono kutoa karanga. Vidole vyangu vikagusa kitambaa. Nilijua kabla ya kukitoa. Nilijua kwa namna fundo lilivyofungwa, sababu ni mimi peke yangu ninayefunga vile. Hapo ndipo homa ile ilinirudia kichwani: mimi nimesimama juu ya kigoda, ninatetemeka, ninasema peke yangu, hapa hata Kitenge hatapajua.

Nilikaa chini jikoni hapa hapa ninapoandika. Nililia, ndiyo. Lakini nilipomaliza kulia, mwanangu, sikwenda kwa shefu. Nilikwenda pisti, nikafunga bulo, nikawasha tondezi, na watu walipokimbia kuja kuuliza, mudomo wangu ukasema: "Nimeipata kwa mupita njia, ametoka nayo Salamabila."

Unaona nilichofanya? Sikumutaja Kitenge. Haikuwa lazima nimutaje. Wao wenyewe walipiga mikono: kumbe aliiuza kule! Shefu alinisifu mbele ya watu wote. Wewe ulikuwa mudogo, ukarudi nyumbani ukiruka ruka na kuimba kwamba mama amemushinda mwizi, na mimi nikakupa karanga za kukaanga.

Ningeweza kusema wiki ile. Sikusema. Mwaka uliofuata ilikuwa ngumu zaidi, na uliofuata zaidi. Kisha ndege ikaleta kaburateri nzima mpya, bulo ya zamani ikabaki kwangu haina kazi. Sikuweza kuitupa wala kuivumilia kuiangalia. Nikasema basi, Kitenge ameshasahau.

Sasa leo muchana, huyu motari wako, akila ugali wangu na kucheka, anasema: "Mama, Salamabila tuko na fundi mumoja, hapana mutu kama yeye kwa injini. Lakini iko na kichwa yake! Akimaliza kazi kwako, anageuza mifuko ya suruali, anamwaga mufuko wa kazi yote chini, anasema, angalia vizuri, sikubeba kitu yako. Hata kama hujamuomba! Hata kwa rafiki! Watu wanamucheka." Baba yako akauliza anaitwa nani. Akasema, "Fundi Kitenge."

Nitakuambia kila kitu, hata kibaya. Kitu cha kwanza nilichofikiri si huruma. Nilifikiri: Kitenge ndiye amemutuma mutu huyu, aje kunitia aibu nyumbani kwangu. Nilimuangalia motari machoni nikitafuta uongo. Alikuwa anatafuta nyama ndani ya mboga ya sombe, basi. Hakujua Kitenge ni nani kwangu. Ndipo nikarudisha tonge kwenye sahani, nikatoka nje nikifuta macho, na baba yako akafikiri ni moshi.

Mudogo wangu anamwaga mufuko wake chini kwa kila mutu, mpaka leo, kwa sababu siku moja niliumwaga mimi.

Sina maneno makubwa ya kukupa. Kushuku nitaendelea, sijui kuishi namna nyingine, na wewe unayo damu hii. Niliiona Jumapili, ulivyokunja ngumi juu ya mutu ambaye hukumbuki hata sura yake. Ngumi ile ni mimi niliyekutengenezea. Ukifungua injini ya mutu kule na piesi ikakosekana, utasikia jina linapanda lenyewe kichwani, haraka, na utaona kama ni akili nyingi. Mimi pia niliona ni akili. Vua shati lako kwanza ulikung'ute. Pekua kwako mara mbili, mara tatu, mpaka uchoke. Mimi nilipekua mara moja.

Nataka ufanye jambo moja tu. Bulo ile umupelekee. Umupe mukononi, mchana, watu wakiwapo, ikiwezekana pale anapomwagia mufuko wake. Umwambie ilikuwa ndani ya karanga za yaya yake, na yaya ndiye aliyeiweka. Usimuombe anisamehe. Hilo ni langu, nitakuja mwenyewe majani ya pisti yakikatwa, kama atakubali nifike. Na kama atakukamata shati wewe badala yangu, usijitetee. Baba yako nitamwambia leo kabla hatujala. Shefu nitamwambia kesho, na wale wamama wa kupekupe nitawaambia Jumapili baada ya misa, wote pamoja, wasinigeuzie maneno.

Safari hii sikuificha. Iko juu ya meza, katika kikwembe kile kile, karibu na taa, kila mutu anaiona. Wewe ndiye utaamua kuiweka katika muzigo wako au kuiacha pale.

Na kesho asubuhi, motari wako atapiga teke pikipiki yake mpaka jasho limutoke, na haitawaka. Mwambie apumzike. Bujii yake nimeitoa mimi, sasa hivi, kabla ya kuanza kuandika. Niliogopa utaondoka na barua mufukoni bila kuisoma, na umukute mujomba wako na ngumi ile. Ukimaliza kusoma njoo jikoni, useme lolote unalotaka kuniambia, nami nitakupa bujii hiyo.

Kama nitakuwa nimesahau nilipoiweka, musimuulize mutu mwingine yeyote. Anzeni kwangu.

Mimi mama yako